Nimekwama kwenye msamba wa pembeni na nyonga inabana kwa nje

Swali:

"Shikamoo. Nina miaka 27, ni mwanaume, nacheza karate hapa Tanga, huu ni mwaka wa tatu. Tangu mwaka jana natafuta msamba wa pembeni. Miezi ya mwanzo nilishuka haraka mpaka wenzangu wakashangaa, halafu nikakwama. Viganja vinafika chini, hata viwiko, lakini kinena bado kiko kama sentimita 25 juu ya sakafu na hakishuki tena. Nanyoosha kila siku alfajiri nikitoka kitandani, dakika 20. Mazoezini sensei, yaani mwalimu wetu, humwambia mwenzangu anikandamize mabegani nikiwa nimetanua. Kinachonishangaza, sisikii kuvutwa paja la ndani, nasikia kubanwa upande wa nje wa nyonga. Na siku hizi goti la kulia linauma kwa ndani. Mmoja ananiambia 27 nimechelewa, mifupa imeshakomaa. Mwingine ananiambia nichue mafuta ya nyonyo na nivumilie maumivu. Je, mifupa yangu hairuhusu, au sijajitahidi vya kutosha?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi hata wakiwa mbele yangu kliniki: umetaja mahali panapouma. Kwangu hilo lina uzito kuliko sentimita 25. Anayeshuka msamba akasikia mvuto katikati ya paja la ndani anazungumzia misuli. Anayesikia kubanwa nje ya nyonga, au mchomo mbele kwenye mkunjo wa kinena, anazungumzia kiungo chenyewe. Wewe uko kundi la pili, na kwa mwaka mzima umekuwa ukiivuta misuli ilhali kinachokuzuia ni mfupa uliokutana na mfupa. Juhudi hujapungukiwa. Na kabla ya kuilaumu mifupa yako kwamba imeumbwa vibaya, tuangalie kwanza unaiwekaje unaposhuka.

La umri nilimalize haraka. Ni kweli kwamba kwa umri wako mfupa wa paja na kikombe cha nyonga vimeshapata umbo lake la kudumu, na hakuna mazoezi yatakayolibadilisha. Lakini mtu akinyoosha, mfupa haurefuki. Misuli ndiyo inayojirekebisha, na misuli hujirekebisha kulingana na kazi inayopewa, ukiwa na miaka 27 au 50. Inachukua muda mrefu kuliko kwa mtoto wa miaka 8, basi. Mafuta ya nyonyo nayo hayapenyi hadi kurefusha msuli. Kuchua kunaleta joto na raha kidogo, na ukipenda endelea. Ushauri ninaoukataa kabisa ni ule wa kuvumilia maumivu, na ninawaomba wote wanaosoma hapa wasimeze diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu ili washuke zaidi. Utakuwa umeizima kengele wakati kiungo kinaendelea kusagika.

Sasa fanya jaribio hili ukiwa umesimama. Weka kiganja ubavuni mwa paja, chini ya kiuno, kisha zungusha mguu kwa ndani na kwa nje. Utahisi nundu ngumu ikitembea chini ya mkono. Hiyo ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja, ambapo misuli ya makalio imejishikiza. Shika ukuta, vidole vya mguu vitazame mbele, kiuno kitulie, inua mguu moja kwa moja pembeni. Watu wengi hukwama kwenye nyuzi 45 hivi, na wanakwama pagumu, si pa kuvutika. Nundu ile imeukaribia mfupa wa nyonga na hakuna nafasi iliyobaki. Kichwa cha mfupa wa paja kimekaa kwenye kikombe chake kama mchi ndani ya kinu: ukiulaza upande mmoja unagonga ukingo, na ukizidisha nguvu unachoumiza ni ukingo. Katika nyonga ukingo huo una pete ya gegedu, na gegedu likichanika haliponi kirahisi.

Rudia jaribio, ila safari hii kabla ya kuinua geuza paja lote kwa nje, hadi goti litazame juu mguu unapopanda. Au acha vidole vitazame mbele, lakini sukuma makalio nyuma na uinamie mbele kuanzia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka. Mguu utapanda zaidi kwa namna zote mbili, papo hapo, bila kunyoosha chochote. Nundu imepata njia ya kupita nyuma badala ya kugonga juu. Ndiyo maana misamba yote ya pembeni unayoiona imekamilika ni ya aina mbili tu: ama kiwiliwili kimesimama na magoti na vidole vinatazama juu, ama nyayo ziko sakafuni na kiuno kimeinama mbele. Hakuna anayefika chini akiwa amesimamisha kiuno huku magoti yakitazama mbele, labda wachache sana walioumbwa hivyo.

Utaniambia, mbona mimi nainama, viwiko vyangu vinafika chini? Hapo ndipo nina shaka nawe. Viwiko vinaweza kufika chini kwa kuukunja mgongo peke yake, wakati kiuno kimejikunjia ndani na makalio yanaelekea sakafuni. Hiyo ni kuinama kwa mgongo, na nyonga haikupata nafasi hata kidogo. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Ukiona mgongo wa chini umevimba kama upinde, tatizo lako kubwa umeliona. Safari ijayo, kabla ya kutanua, inua makalio juu na nyuma, legeza magoti kidogo, kisha ndipo utanue ukiwa umeishikilia hali hiyo. Inawezekana utakuwa juu zaidi ya ulipokuwa. Lakini kwa mara ya kwanza utasikia mvuto kwenye paja la ndani, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kuna kipimo maarufu kwenye madojo, kumbi za mazoezi ya karate, na wewe huenda umekisikia: weka mguu mmoja pembeni juu ya meza, na ukifika nyuzi 90 basi msamba unao, kwa kuwa hakuna msuli unaounganisha paja moja na jingine. Hilo la msuli ni kweli kabisa. Tatizo ni kwamba mguu ukiwa mmoja, kiuno huinama ubavu na kuuongezea nyuzi ambazo kwenye msamba wa miguu miwili hazipatikani. Kwa hiyo ukifaulu usijihesabu umefika. Ila ukifeli kwa kubanwa pagumu upande huo huo, hata baada ya kugeuza paja na kuinamisha kiuno, hiyo ni habari ya kuzingatia. Wapo watu ambao kikombe chao kina kina kirefu, au shingo ya mfupa wa paja imeelekea kwa namna ambayo haiachi nafasi. Hawajapungukiwa na chochote, na hawataukalia msamba kamili hata wakijitahidi miaka kumi. Siwezi kukuambia kwa maandishi kama wewe ni mmoja wao. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu hajui mpaka awe amejaribu kwa mkao sahihi, na wewe bado hujajaribu.

Tuje kwenye misuli. Paja la ndani lina misuli mitano ya kurudisha mguu katikati. Minne inaishia kwenye mfupa wa paja. Mmoja, mwembamba na mrefu, unatoka kwenye mfupa wa kinena, unavuka goti na kujishikiza ndani ya ugoko. Ndiyo maana mkao wa chura, yaani kupiga magoti na kuyatanua huku yamekunjwa, unamlegeza huyo mmoja na kuivuta ile misuli mifupi. Msamba wa miguu iliyonyooka unamvuta hata yeye, pamoja na misuli ya nyuma ya paja iliyo upande wa ndani. Basi jipime: kama mkao wa chura unakushusha vizuri lakini miguu ikinyooka unakwama, fanyia kazi misuli mirefu. Kama hata chura anakukatalia, anza na mifupi na uachane na msamba kwa muda.

Goti lako nalo naliona hapo. Unapokuwa umetanua na nyayo ziko sakafuni, uzito wa mwili unalisukuma goti likunjike kwa ndani, upande ambao halikuumbwa kukunjika. Kinacholizuia ni ligamenti ya ndani ya goti, utepe unaoshika mfupa kwa mfupa, na karibu hapo hapo ndipo ule msuli mrefu unapojishikiza. Mojawapo linalalamika, au yote mawili. Na anapokuja mtu wa kilo 70 kukukandamiza mabegani, uzito huo unashukia wapi? Unashukia goti, kwa sababu nyonga imeshagonga mwisho.

Hapa niseme wazi. Hakuna mtu anayepaswa kukukandamiza. Ndani ya misuli kuna vipokezi vinavyopima urefu wake na kasi ya kurefuka. Msuli ukivutwa ghafla, au ukihisi hatari, uti wa mgongo unauamuru ukaze kabla hata ubongo haujapata habari. Mwenzako anashuka na uzito wake, msuli wako unakaza kumpinga, na katikati yao kuna nyuzi za msuli zinazochanika kinenani. Kwa watoto na vijana ni hatari zaidi: sehemu ya mfupa wa kukalia ambako misuli ya paja imejishikiza haijaungana sawasawa na mfupa mzima hadi mtu anapoingia miaka ya ishirini na kitu, na mvuto mkali unaweza kukibandua kipande cha mfupa. Nimewaona vijana walioletwa wakichechemea baada ya "msaada" wa aina hii. Najua si rahisi kumwambia sensei hapana. Usimwambie mbele ya darasa. Mfuate kabla ya mazoezi, mwambie una jeraha la nyonga na goti, na unaomba kushuka mwenyewe kwa kipindi hiki. Mwalimu anayewapenda wanafunzi wake atakuelewa.

Kwa nini ulishuka haraka halafu ukakwama? Kwa sababu mafanikio ya wiki za mwanzo kwa sehemu kubwa ni ya mfumo wa fahamu. Msuli ni ule ule, ila ubongo umezoea mvuto na umekubali kukuruhusu zaidi. Ruhusa hiyo ina kikomo. Ili uvuke hapo, msuli lazima ujue kufanya kazi ukiwa mrefu, na kunyoosha kwa kuning'inia hakufundishi hilo. Nguvu ndiyo inayofundisha. Wengi wa wanaokwama ninaowaona hawana upungufu wa kunyoosha, wana paja la ndani dhaifu, na mwili unakataa kuwapa nafasi wasiyoweza kuidhibiti.

Basi panga hivi. Wiki mbili au tatu za mwanzo usitanue kabisa hadi mahali panapobana, na goti lipumzike. Acha zoezi la alfajiri. Ukitoka kitandani mwili umekaza, na joto la Tanga halikusaidii kama unavyodhani, kwa sababu msuli hupata moto kwa kufanya kazi. Hamishia kunyoosha mwisho wa mazoezi yako ya jioni, mara tatu kwa wiki, si kila siku. Siku za katikati ndizo msuli unapojijenga.

Joto likishapatikana, anza na dachi zako mwenyewe, yaani mikao ya kusimama ya karate, maana karate imekupa zana ambayo wengine wanahangaika kuitafuta. Shiko-dachi, ile ya vidole kutazama nje, inageuza mapaja kwa namna hasa tunayoitaka. Shuka chini kuliko kawaida, sukuma magoti nyuma yafuate vidole, kaa sekunde 30 hadi dakika moja, mara tatu. Kiba-dachi iache kwanza, kwa kuwa vidole vikitazama mbele utarudi kule kule kwenye kubanwa. Kisha chuchumaa pembeni: miguu imetanuka, shukia mguu mmoja huku mwingine umenyooka, vidole vya ulionyooka vikitazama juu, halafu hamia upande wa pili polepole. Mara sita hadi nane kila upande. Ukiweza bila kushika kitu, shika uzito mdogo mbele ya kifua.

Baada ya hapo ingia mkao wa chura juu ya mkeka laini. Sukuma makalio nyuma kuelekea visigino mpaka usikie mvuto. Hapo usishuke. Kandamiza magoti sakafuni kana kwamba unataka kuikunja sakafu ije katikati, kwa nusu ya nguvu zako, sekunde 5 hadi 10. Pumua nje, legeza, ndipo makalio yaende nyuma kidogo. Rudia mara tatu hadi tano. Mbinu hii ya kukaza na kulegeza ina asili ya hospitali: ilitokana na kazi ya daktari Herman Kabat huko Marekani miaka ya 1940, akiwahudumia watu waliopooza, na wanamichezo waliichukua baadaye. Inafaa sana kwa mtu aliyekwama kama wewe.

Msamba wenyewe uje mwisho, na uwe mfupi. Vaa soksi kwenye sakafu laini, weka viti viwili mbele vibebe uzito wa mikono, inua makalio nyuma, telezesha miguu nje hadi pale unapoweza bado kukaza mapaja na kujirudisha juu kwa miguu bila kusukuma viti. Ukishindwa kujirudisha, umepita. Kaa sekunde 30, mara mbili au tatu. Kaza misuli ya mbele ya paja muda wote ili goti lilindwe. Kama goti bado linalalamika, weka mto mgumu au tofali la mazoezi chini ya paja, juu kidogo ya goti, ili uzito usifike kwenye ugoko.

Ongeza zoezi moja la nguvu ambalo ningempa kila mchezaji wa karate na wa mpira hata kama msamba haumhusu. Lala ubavu, mguu wa juu uukalishe kwenye benchi, inua mwili kwa kiwiko na mguu huo, kisha leta mguu wa chini juu ukutane na benchi. Anza kwa kuweka goti kwenye benchi badala ya kifundo cha mguu, ni rahisi zaidi. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2019 uliwafuatilia wanaume wanaocheza mpira katika timu 35, na waliofanya programu ya zoezi hili walikuwa na hatari ya matatizo ya kinena iliyo ndogo kwa asilimia 41. Wale hawakuwa wakitafuta msamba. Lakini paja la ndani lenye nguvu ndilo hilo hilo utakalolihitaji kule chini.

Pima kila mwezi, si kila siku, na upime kwa mkao ule ule. Sitakuahidi tarehe. Mtu mzima mwenye mifupa inayoruhusu huhesabu miezi mingi, mara nyingine miaka, na sentimita za mwisho ndizo za polepole kuliko zote. Nakuuliza pia, msamba ni wa nini? Kama unautafuta kwa ajili ya mawashi-geri, teke la kuzungusha, ya kichwani, jua kwamba teke hilo linapigwa na nyonga moja iliyogeuzwa, huku mguu wa kusimamia umezunguka na kiuno kimeinama. Halihitaji msamba kamili. Kwa mazoezi haya haya teke litapanda mapema zaidi kuliko kinena kitakavyoshuka, na wapo wapiganaji wazuri wanaopiga kichwani ambao hawajawahi kugusa sakafu.

Kama baada ya wiki sita za mpangilio huu, bila kukandamizwa na bila kulazimisha, bado nyonga inabana kwa nje, au maumivu yamehamia mbele kwenye mkunjo wa kinena, nenda ukaonwe. Nenda mapema zaidi, usisubiri wiki sita, ukipata mojawapo ya haya: nyonga inakwama au kugonga kwa maumivu, inauma ukikaa kwenye kiti muda mrefu au ukiinama kuvaa viatu, maumivu yanakuamsha usiku, unachechemea, goti limevimba au linakuachia unapotembea, ganzi inashuka mguuni. Ukisikia mlio wa kuchanika kinenani kisha michubuko ya ndani ikatokea, siku hiyo hiyo. Na kama una selimundu, au umewahi kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, maumivu yoyote ya nyonga yasiyoisha yapelekwe hospitali bila kujaribu mazoezi kwanza. Katika hali hizo damu inaweza kupungua kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi sehemu yake ikafa, na kuchelewa kunagharimu kiungo kizima.

Hapo Tanga anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uombe kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa. Wakihitaji kukupeleka mbele, hospitali ya KCMC Moshi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wana mabingwa wa mifupa. Picha ya eksirei itaonyesha umbo la kikombe na shingo ya mfupa, lakini pete ya gegedu haionekani humo. Kwa hiyo eksirei ikitoka safi na maumivu yapo, usiridhike na kuambiwa huna kitu. Mwonyeshe anayekupima kwa mkono mahali panapouma badala ya kusema "nyonga" tu. Mwenye tatizo ndani ya kiungo mara nyingi huishika nyonga yake kwa kuizungushia kidole gumba na cha shahada, mbele na nyuma, na daktari mzoefu akiona hivyo anajua aanzie wapi. Mwambie pia kuhusu mwaka mzima wa kukandamizwa, na mpelekee ile video uliyorekodiwa kutoka ubavuni.